Wakwe Wanakuja Jumamosi, Nami Nimepungua

Mshauri wetu, pokea salamu na unisaidie kabla mambo hayajaharibika: juzi wifi yangu Odeta alitangaza mbele ya ukoo kwamba Jumamosi tarehe 16, wakwe watakapoleta ng'ombe wa mahari ya binti yangu Winnie, mimi mama mzazi nibaki jikoni na yeye akae kwenye kiti changu, eti, "Wakikuona hivyo watageuza ng'ombe njiani."

"Hivyo" maana yake nimekonda. Nina kisukari, daktari aliniambia nipunguze mafuta ya tumbo, nami sikubishana, nikaacha soda, nikapunguza ugali, nikawa natembea kutoka Igoma mpaka stendi ya Buzuruga ninakouza mitumba, tumbo likaisha na sukari ikashuka mpaka nikapunguziwa vidonge, lakini siku hizi mtu akikonda husemwa amekanyaga waya, yaani ana UKIMWI, wateja wakaanza kunikwepa, nikaona nivae masweta mawili ndani ya gauni, kwenye jua lile, mpaka jirani yangu wa meza, Mboni, akaniuliza mbele ya watu, "Mama Winnie, hizo nguo unauza au unazimaliza mwenyewe?" na mume wangu Shimba badala ya kunitetea anasema, "Kula bwana, nenepa kidogo, ni mpaka ng'ombe waingie zizini," basi sasa nakunywa soda na kula chipsi kama dawa, kliniki siendi, kiu imerudi, kukojoa hakuishi. Nafsi yangu inakataa. Nataka kukaa kwenye kiti changu nilivyo. Ila Winnie analia, anasema nitamvunjia ndoa. Nifanyeje?

Mama Winnie, Igoma

Mama Winnie,

Daktari wa kisukari niliyemsomea barua yako jana amesema hiyo kiu ni dalili ya sukari kupanda, na ukiendelea hivyo Jumamosi utakuwa umelazwa wodini. Hutakuwa kwenye kiti wala jikoni.

Pole kwa maneno ya watu. Lakini soda umeinywa mwenyewe. Ulichokipata kwa miguu yako unakirudisha kwa chupa, ili waridhike watu ambao hawajawahi kukununulia hata kidonge.

Elewa unachokirudisha. Mafuta ya mwili hayakulala tu kama gunia stoo. Yanatunza nguvu, na wataalamu sasa wameonyesha kuwa hutoa homoni inayoueleza ubongo kama akiba inatosha. Kwa hiyo usitake kuyamaliza yote. Yenye madhara zaidi ni ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo: yakizidi, insulini inafanya kazi kwa shida na sukari inabaki kwenye damu. Ulipoyapunguza ulikuwa unajitibu. Anayekuambia unenepe anakuambia utapike dawa.

Ila usijipime kwa kioo. Sukari iliyoachwa bila tiba nayo hukondesha, na huko si kupona. Kipimo ndicho kitakachosema.

Kuhusu waya: ukitaka kupima virusi, pima kwa faida yako. Majibu hayasomwi mbele ya ukoo. Na mwenye virusi naye akizaa binti, kiti cha mama ni chake.

Shimba ampelekee mshenga habari kabla ya siku yenyewe, kwa mdomo wake: "Mke wangu ana kisukari, amepungua kwa agizo la daktari." Hiyo ni kazi ya mume. Odeta ni shangazi, ana heshima yake na mahali pake, akae hapo. Winnie mwambie ndoa inayovunjwa na kiuno cha mama mkwe haikuwa imefungwa na kitu. Masweta yarudishe mezani yapate wanunuzi.

Soda iishe leo. Ukianza kutapika, kulegea au kuhema kwa shida, nenda hospitali saa hiyo hiyo. La sivyo, kliniki ya kisukari ni Jumanne tarehe 12, asubuhi. Nenda kabla ya kunywa chai, na Shimba afuatane nawe.