Sijali Amerudi Chini ya Kitanda

Jumapili jioni, Novemba. Mvua imekatika, ila mawingu bado yamekaa juu ya Bariadi na matope yamefika mpaka mlangoni. Mkono wa kushoto umefungwa bandeji, kwa hiyo naandika kwa kidole kimoja. Nikikosea herufi mnisamehe.

Leo nimejichoka mwenyewe.

Kwa anayesoma humu kwa mara ya kwanza: Sijali ni mbwa. Jina alipewa na kaka yangu Masunga, kule nyumbani Nkololo, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa analala katikati ya njia ya ng'ombe na hashtuki wakipita. Alikua akawa mbwa wa machungani. Dume akijitenga na kundi, Sijali alimzunguka, akambwekea mara moja tu, na dume akarudi. Masunga alikuwa anajisifia mbwa yule kuliko ng'ombe wenyewe.

Msimu wa mvua uliopita Masunga alipigwa na radi akiwa machungani. Alikufa palepale, yeye na ng'ombe waliokuwa karibu yake. Sijali alikuwepo. Watu walipofika walimkuta amelala ubavuni kwa Masunga, mzima, anatetemeka, amejikojolea. Aliufuata mkokoteni uliombeba marehemu mpaka nyumbani, akaingia chini ya ghala la mahindi, na hakutoka mpaka tulipomaliza kuzika.

Baba mdogo alisema radi ile ilitumwa, na mbwa aliyebaki hai anamjua aliyeituma. Akataka auawe. Mama yangu, ambaye sote nyumbani tunamwita Mayu, hakusema auawe wala aachwe. Alisema tu, "Mwondoeni, nisimwone."

Nikamchukua mimi. Ni fundi cherehani hapa mjini, naishi peke yangu chumba, sebule na kajiko, ua nachangia na jirani yangu Mama Neema. Sikuwa nimewahi kufuga hata kuku. Lakini sikuweza kukubali kwamba kiumbe wa mwisho kumwona kaka yangu akiwa hai apigwe rungu nyuma ya zizi.

Mnaofuatilia shajara hii mnajua nilipoanzia. Aliingia chini ya kitanda changu na kukaa huko. Alikuwa anakula nikiwa nimelala au nimetoka. Mfuniko wa sufuria ukianguka kwa Mama Neema, anajisaidia hapohapo. Bodaboda ikipita, anaukwaruza ukuta kama anatafuta mlango ambao haupo.

Bwana mifugo wa kata yetu alikuja kumchanja, akachuchumaa mlangoni, akamwangalia kwa pembeni. Akaniambia nisimvute, nisimkodolee macho, nisimbembeleze kwa sauti kubwa. Nikae chini nimpe mgongo. Chakula kiwe karibu yangu kidogo, kesho yake karibu zaidi, na nikiona masikio yamelala niache kabla hajaogopa. "Aone kwamba yeye ndiye anayeamua kuja," alisema.

Nikawa nakaa sakafuni baada ya kazi, nimempa mgongo, nashona vifungo kwa mkono, na tonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi wa dagaa liko nyuma yangu. Siku aliponinusa shingoni nilijikuta nalia bila kutoa sauti, maana sauti ingemrudisha.

Kisha ikaja zamu ya watu. Mama Neema alikuwa anapita uani bila kumwangalia, anadondosha dagaa, anaendelea na safari yake ya bombani. Ilichukua muda mrefu, lakini ikafika asubuhi Sijali akamsubiri mlangoni. Tukaanza kutembea alfajiri kuelekea kwenye majaruba ya mpunga, kabla pikipiki hazijaamka. Mkia wake, ambao ulikuwa umebanwa kati ya miguu tangu Nkololo, ukaanza kuachia na kuinuka.

Kilichobaki ni radi.

Nilipakua sauti ya mvua na ngurumo kwenye simu. Nilikuwa naiwasha kwa sauti ya chini sana wakati anakula, halafu kila baada ya siku kadhaa naongeza kidogo. Alizoea. Mwezi jana alikuwa anakula huku simu inanguruma pembeni ya bakuli, hata sikio halichezi. Niliandika humu humu kwamba tumeshinda. Nendeni mkasome, ipo.

Jana Mayu alikuja kutoka Nkololo. Macho yanamsumbua, kesho ana kliniki hospitali. Tangu mazishi hajawahi kukanyaga kwangu, na sababu tunaijua wote wawili ingawa hatuisemi. Nilimwambia mapema kwamba Sijali yupo. Akajibu, "Nyumba ni yako."

Nilitaka amwone akiwa mbwa. Ndiyo hivyo tu. Asimwone kama mkosi, wala kama kile kilichorudi nyuma ya mkokoteni. Amwone anatikisa mkia, anakula, anaota jua. Nilikuwa nimejiambia kwamba Mayu akiweza kumtazama Sijali, ataweza pia kulitaja jina la Masunga, ambalo tangu tumzike halijatoka mdomoni mwake hata kwenye sala.

Na leo mchana siku hiyo ilikuwa inakaribia. Ndiyo maana inauma hivi. Tulirudi kutoka kanisani, Mayu akakaa kwenye kiti changu cha kushonea, ameelekea ukutani. Nilikuwa nimeweka dagaa karibu na mguu wake. Sijali akatoka chini ya kitanda, tumbo chini, akasogea, akasimama, akasogea tena. Akachukua dagaa. Pua yake iligusa kandambili ya Mayu na Mayu hakuondoa mguu.

Nikiwa jikoni na bakuli la mchele mkononi, nikaona mkono wa Mayu umeshuka taratibu kutoka kwenye paja, umening'inia pale, vidole wazi.

Ndipo ikapiga.

Radi ya kwenye simu haitikisi ardhi. Haitoi mwanga unaoingia kwenye kila tundu la bati. Haina ile harufu. Nilikuwa nimemfundisha mbwa kuvumilia simu.

Mayu alipiga ukelele, akaruka, kiti kikaanguka. Sijali aliupiga mlango wa wavu kwa kifua, wavu ukachanika, akatoka. Nilipofika uani alikuwa amepenya kwenye minyaa ya uzio na yuko barabarani. Niliona bodaboda inayumba kumkwepa. Kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja na sikumwona tena.

Nilikimbia peku. Nilimwita, ingawa najua kwamba mbwa mwenye hofu ya namna ile hasikii jina lake. Mama Neema alinifuata na mwavuli ambao hakuufungua. Watu waliojibanza kwenye vibaraza vya maduka walituonyesha kwa vidole: kule, kule chini. Tukamkuta ndani ya karavati, pale barabara inapovuka mfereji. Alikuwa amejikunja katikati, na maji yalikuwa yanapanda.

Kila kitu nilichojifunza kilikuwa kinasema kaa chini, geuka, subiri aje mwenyewe. Maji yalikuwa yameshamfika kifuani.

Nikaingia nikamvuta.

Aliniuma. Hakunitishia kwanza, aliuma hadi mfupani na akang'ang'ania, na macho yake hayakunijua kabisa. Nitaandika kitu ambacho sitaweza kumwambia mtu ana kwa ana. Mle ndani, na meno yake kwenye mkono wangu, nilitamani maji yamchukue. Nilitamani yaishe, nirudi kushona sare za shule kama watu wengine. Ilikuwa kwa muda mfupi, lakini nilitamani kweli.

Nilipomtoa, damu yangu ilikuwa imemchafua shingo yote, na vijana wa pale kibarazani walikuwa wameshashuka na mawe.

"Ana kichaa huyo. Mwachie tummalize."

Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. Hakulia. Mama Neema akasimama mbele yetu, amelowa, kanga imemganda mwilini.

"Namjua huyu mbwa," akasema. "Amechanjwa, anakula mlangoni kwangu. Mwenye kurusha arushe, atanipiga mimi kwanza."

Hakupaza sauti. Walibaki wameshika mawe yao kwa muda, halafu mmoja mmoja wakarudi kibarazani, kwa sababu ya mvua nafikiri, sio kwa sababu yetu.

Hospitali walinisafisha jeraha na kunichoma sindano, nikaambiwa nirudi kwa nyingine. Bwana mifugo nilimpigia simu. Akanipa pole, kisha akasema lile ambalo tayari nililijua: hata kama amechanjwa, mbwa aliyeuma lazima afungwe na kuangaliwa mpaka muda wa hatari upite. Nikamuuliza kama akifungwa kamba, kwa hali aliyonayo, atarudi alipokuwa jana. "Dada Minza, sikufichi," akasema. "Anaweza asirudi."

Mwenye nyumba alikuwa ananisubiri uani. Ni mzee mstaarabu, sina ubaya naye. Alisema majirani wameshampigia, na kwamba kuanzia leo ni kamba, au nitafute pengine pa kuishi na mbwa wangu.

Kwa hiyo nimemfunga. Nimetumia kamba ya katani, nikaifunga kwenye mguu wa kitanda, ili angalau awe mahali anapopaamini. Nilijiandaa kwa vurugu, nikajizungushia koti zito mikononi. Hapakuwa na vurugu. Alilala ubavu, akaniachia shingo, akaangalia ukuta. Heri angenguruma. Alikuwa amelala kama kitu ambacho mtu amekisahau pale.

Hajala. Hata dagaa hajanusa. Nimekaa sakafuni nikampa mgongo kama zamani, na nilisikia jinsi alivyoondoa mwili wake kutoka kwangu, taratibu, mpaka kamba ikakaza.

Miezi yote ile. Mvua moja.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Nilikuwa nawaza kwamba labda baba mdogo alikuwa na huruma kuliko mimi. Rungu lingemaliza siku ileile. Mimi nimemleta mjini, nimemfundisha kutoka chini ya kitanda, kisha nimemwonyesha kwamba kutoka ni kosa. Na Mayu, ambaye nilitaka apone, nimemfanya asikie radi akiwa na mbwa yuleyule miguuni.

Nilidhani Mayu amelala. Niliporudi ndani nikamkuta chumbani kwangu, amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo ameegemeza kitandani. Kwa magoti yake yale sijui alishukaje. Sijali alikuwa nyuma yake, gizani, urefu wa kamba.

Nikamwambia, "Mayu, inuka. Sakafu ina baridi."

Hakuinuka. Alikuwa anaangalia mlangoni, sio kwangu.

"Mimi sikumchukia huyu," akasema. "Mlidhani namchukia."

Nikakaa. Alizungumza Kisukuma, polepole, kama anavyozungumza akichambua pamba, na hapa naandika nilivyoelewa. Alisema kila akimwona Sijali kuna swali linampanda kooni, na hakuna mtu wa kumuuliza, kwa sababu sote tulifika baadaye. Huyu peke yake ndiye aliyekuwepo.

"Angekuwa na mdomo," akasema, "ningemuuliza kama Masunga aliniita."

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina la kaka yangu kinywani mwake tangu tumzike.

Nilikuwa nimejiandalia furaha kwa ajili ya siku hiyo. Nilifikiri tutashikana, tutalia, tutacheka jinsi alivyokuwa anapenda maziwa ya mgando. Badala yake nilikaa tu, mkono unapwita. Ningesema hapana, hakuumia, ilikuwa ghafla, kama tulivyoambiwa. Lakini hata mimi sikuwepo.

Nilimuuliza kama anataka chai. Akasema hapana. Akaniuliza huyu mbwa huwa anakula nini jioni. Nikamwambia. Akasema atakaa naye kidogo, mimi nikaandike mambo yangu.

Basi naandika. Nawasikia kupitia pazia. Ukweli ni kwamba hakuna cha kusikia: Mayu haongei, na Sijali hasogei. Bakuli sijasikia likiguswa. Kesho asubuhi namsindikiza Mayu kliniki ya macho, na sijui nani atabaki na Sijali, kwa sababu Mama Neema ana genge lake la mboga na ameshanifanyia zaidi ya nilichostahili.

Upande wa kaskazini radi inamulika tena, mbali, bado bila sauti. Nafunga simu. Nakwenda kukaa nao sakafuni, nimpe Sijali mgongo, na sitegemei chochote.