Mbawakawa Aliyepigwa Vanishi

4 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, nanenepa tu. Kifua chako na hilo vumbi la randa vipi?

Kaa chini kwanza. Yule mbawakawa mirabaraba, mwekundu kwa mweusi, niliyemkuta kwenye sanduku ulilonitengenezea, nimempeleka kwa mtaalamu wa wadudu ninayemfagilia ofisi. Akavua miwani, akavaa, akavua tena. Hajaandikwa popote duniani! Ataitwa kwa jina langu. Ulisema sina mikono ya ufundi, haya sasa!

Ila huyu jike. Mtaalamu anataka na dume, ndipo aandike maelezo yake, doa kwa doa, unyoya kwa unyoya. Nakuomba usipulize dawa kwenye rundo la mbao zako, huko ndiko alikotoka. Huyo hali mbao, anawala bungua wanaozitafuna. Ni mlinzi asiyedai mshahara.

Mwanao, profesa mtarajiwa.

19 Machi

Baba, shikamoo. Hujambo kweli?

Kimya chako kinaniwasha kama upupu. Kuna msomi wa mbali naye kampata mdudu huyuhuyu, na atakayetangulia kuandika ndiye mwenye jina. Natembea chumbani huku na huku mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Umeshapuliza? Sema tu!

Mwanao.

27 Machi

Mwanangu, marahaba. Kifua kinakoroma, lakini nipo.

Barua yako ya kwanza ilinikuta na bomba la dawa mkononi. Nikaliweka chini. Mteja wa kabati amegeuka mbogo, mbao zake nimezipasua zote nikitafuta mdudu. Nimempata mmoja, amekufa, manyoya yamevurugika kama nywele za mlevi aliyeamka sasa hivi. Kitu changu hakitoki karakana hivyo. Nimempitisha msasa laini mgongoni, nikampiga vanishi mikono mitatu. Chini nimeacha, kama meza zangu. Nani atainama?

Baba yako.

6 Aprili

Baba, shikamoo. Pole na kifua.

Msasa, baba? Hayo manyoya ndiyo yanayosomwa! Mtaalamu alipofungua kiboksi ulichotuma alivua miwani, mimi nikaanza kuutafuta mlango. Kisha akamgeuza. Tumboni manyoya yote yapo, na alama ya dume iko hapohapo. Maelezo yametoka, tumemtangulia yule msomi. Baba, kuna watu kazi yao ni kuinama.

Akaniuliza aweke jina gani. Nilitaka langu, wallahi, ulimi ukakataa. Mdudu ana jina lako.

Sanduku nimelipiga vanishi mwenyewe. Mikono mitatu, hadi chini.

Mwanao, mwenye mikono.