Nilimfunga Uzi wa Kaka, na Ninampenda

Mpendwa Dada Ramila, naomba unisikilize kabla hujanihukumu, maana hapa Rajkot sina wa kumwambia. Mimi na Bhavdip tunatengeneza video fupi za mapenzi kwa Kigujarati, za dakika moja moja, yeye mume mimi mke, tunarekodia juu ya paa la nyumba yetu, na watu wanatupenda kweli, ila mwaka jana jirani yetu Manjula akaanza, "Huyo binti kutwa yuko juu na mwanamume, tuseme nini?", mama akataka niache, basi mimi kwa kujiona mjanja, siku ya rakhi, sikukuu ya dada kuwafunga kaka zao uzi, nikamwita Bhavdip sebuleni, nikamfunga uzi mkononi mbele ya mama na Manjula mwenyewe, akawa kaka yangu, midomo ikafungwa, kazi ikaendelea.

Jumanne tulirekodi mume anarudi kutoka Surat kwenye kazi ya kukata almasi, alitakiwa aseme, "Nimekuletea sari," yeye akanitazama akasema, "Usiniite kaka tena." Nikamwambia, "Simamisha, hayo hayamo." Akasema, "Najua." Akavaa viatu vyake, akashuka. Dada, nimeitazama video hiyo mpaka simu ikaisha chaji, ninampenda, nilimpenda tangu kabla ya ule uzi, lakini Jumapili wanakuja watu wa Jamnagar kuniposa, nitampaje mama aibu hii?

Rinkal, Rajkot

Mdogo wangu Rinkal, pole, na pia nitakusema. Uzi ule dada humfunga kaka akimwombea uhai, wewe ukaufanya kizibo cha mdomo wa Manjula! Ulijua unampenda, ukamwita mbele ya watu, angekataaje? Kijana wa watu alinyoosha mkono ili wewe usinyang'anywe kazi yako. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilifuta machozi, sikufichi.

Sasa weka simu chini. Leo hii mkalishe mama jikoni umwambie, "Mama, nilikudanganya. Sikumfunga kwa udugu, nilimfunga kwa woga." Atafoka. Mwache afoke, usimjibu. Akitulia, mwombe awapigie watu wa Jamnagar wasifunge safari, maana si haki kumpelekea mtu chai ya posa huku moyo uko kwingine. Manjula naye atasema, na aseme.

Kisha nenda kwa Bhavdip. Usimtungie maneno matamu, hayo mmeshaambiana mbele ya maelfu. Mwombe msamaha, mwambie unampenda, halafu nyamaza. Mpe nafasi ya kuchagua, maana mara ile hukumpa.