Miguu ya Ngoma

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Wilaya ya Kilwa, 21 Julai 1975

Jina: Somoe Yunusu. Umri: miaka 24. Kazi: mwanafunzi wa hisabati, Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Makazi: Kiranjeranje, likizoni.

Ndugu Koplo, nanyi ndugu wavuja jasho mnaochungulia dirishani, nisikilizeni.

Mnamo tarehe 19 Julai, jioni, nilihudhuria ngoma ya kuwapokea vijana waliotoka jandoni. Mjomba wangu, Mzee Kibwana, ambaye tangu mwaka jana mikono humtetemeka na miguu humganda mlangoni kama aliyesahau njia, aliinuka akacheza. Alicheza taratibu, kama mtu anayetembea ndani ya usingizi wa mwingine. Nililia bila kujua kwamba ninalia.

Kesho yake asubuhi, palizi ya mikorosho ya kijiji ilipoanza, mjomba aliganda tena kizingitini. Mgambo Nassibu akamkuta hapo, akamwambia, "Mzee, miguu ya ngoma unayo, ya jembe umemwachia nani?"

Mjomba akajibu, "Bwana mdogo, ile haikuwa miguu yangu. Ilikuwa ya ngoma."

Nassibu akamkamata kwa kukwepa kazi ya ujamaa, akamleta hapa kituoni. Naambiwa atapelekwa mahakamani.

Ndugu zangu, mjomba si mnyonyaji, ni mgonjwa. Chuoni nachunguza kwa hisabati jinsi kemikali za ubongo zinavyoathiriana. Dopamini huuachilia mwili, asetilikolini huubana, na kila moja huipunguzia nyingine nguvu. Milinganyo yangu yasema hivi: ya kwanza ikififia, ya pili hutawala kama bepari asiye na mpinzani, na mwili hubaki ukingojea amri isiyofika. Lakini nikiingiza mdundo kutoka nje, mchoro wote wa milinganyo hiyo huamka, kana kwamba mwili umeota njia nyingine. Mdundo ukikoma, mwili huganda tena. Huo ni mfano tu, haujathibitishwa. Ila mimi nimeuona ukicheza. Je, tumshtaki mtu kwa sababu ngoma imenyamaza?

Ndugu Koplo, tangu nianze kusema kiatu chako kinagonga sakafu. Tafadhali tazama kwenye benchi. Mjomba amesimama.

Haya ndiyo niliyoyaona na ninayoyajua. Nimesomewa, nami natia sahihi.

(sahihi) Somoe Yunusu

Maelezo ya askari: Niliacha kugonga. Mtuhumiwa, aliyekuwa akija mezani, aliganda mguu mmoja mbele. Nikagonga tena, akafika, akasema, "Ahsante, mwanangu." Shtaka sijaliandika. Wote wakutane shamba la mikorosho, Jumatano, saa moja asubuhi. Nassibu alete ngoma.

(sahihi) Koplo Klementi