Daftari Tuliyojaza Mpaka Krismasi

Noonkopir, nyuma ya posho mill,
S.L.P. 417,
Kitengela.

Jumapili, 16 Oktoba 2005

Mpendwa dada yangu Immaculate,

Mulembe sana kutoka kwetu. Habari ya Coventry? Habari ya hao wazee wa Kizungu unawaangalia, na ile baridi ulisema inaingia mpaka kwa meno? Tumbo lako lilipona? Usinifiche, maana wewe tangu utoto ulikuwa unaugua kimya kama paka.

Sisi huku tuko. Elsie ni mzima, siku zingine hata anamwongelesha bwana yake. Brayo ameingia darasa la tatu, amekaribia pale mimi baba yake niliachia, kwa hivyo hivi karibuni atakuwa ananisomea barua zako. Mama kule Bungoma goti linamsumbua, lakini kuku za jirani bado anazifukuza mbio. Mvua hatujaiona. Vumbi ya Kitengela ndio chumvi yetu.

Ningepiga simu lakini simu ya huko inameza kredi kabla hujasema haloo. Na haya maneno niko nayo ni marefu.

Unakumbuka vile uliniambia umeona mishiri kwa duka huko, ile maharagwe mbichi nyembamba, imeandikwa imetoka Kenya? Dada, ulinimaliza. Nilitangazia Noonkopir yote kwamba wewe unakula mishiri yangu. Fundi wa viatu mpaka leo ananiita Ekspoti. Sasa wacha nikuambie vile Ekspoti amekaliwa.

Si unajua nimeuza maji na mkokoteni, nimeuza mitumba, nimeuza mpaka vifaranga wa mayai ambao wote walikuwa majogoo. Lakini hii mishiri ndio kazi ya kwanza imenitoa jasho kwa akili. Tuko watu tisa kwa kikundi, tumekodisha shamba kwa Mzee ole Nkuruna, kando ya borehole yake. Mwenyekiti ni Wathome, yule Mkamba alinisimamia siku ya harusi. Kampuni inanunua mishiri yetu inapeleka kwa ndege. Lakini tangu Januari imekuwa ikisema bila cheti ya kuonyesha tunatumia dawa vizuri, itaacha kununua. Na cheti ni ya kikundi nzima. Mmoja akikosea, wote tisa nje.

Shida ya kwanza ni dawa. Kuna kadudu kadogo, lazima ukaribishe macho ndio ukaone, kanaingia kwa maua, halafu mishiri inatoka na makovu na kampuni inaitupa. Zamani kulikuwa na dawa ya bei ya soda, ukipiga asubuhi, jioni wadudu ni marehemu. Hiyo imekatazwa. Ile imekubaliwa, chupa moja ni bei ya mbuzi, na inauzwa chupa kubwa peke yake, kama ya mtu ako na ndege ya kupigia. Sisi kila mtu ako na robo eka.

Haya, umeuza mbuzi, umenunua. Ukipiga unangoja siku saba ndio uvune, ili dawa iishe. Sawa. Lakini mishiri haijui kungoja! Inataka kuvunwa kila siku ya pili. Ikipita inanenepa, na kampuni haitaki nene, inataka kama penseli. Kwa hivyo usipopiga, wadudu wameharibu. Ukipiga uvune mapema, ina dawa. Ukingoja, imenenepa. Niambie wewe umesoma, hapo mtu anapitia wapi?

Tukaambiwa pia tujenge. Stoo ya dawa, sakafu ya simiti, dirisha na wavu, kufuli. Choo na bomba ya kunawa. Tukajenga. Saa hii dawa inalala kwa simiti na watoto wangu wanalala kwa udongo. Choo nayo ilikuwa nzuri mpaka tukaifunga isichafuliwe kabla mkaguzi wa cheti afike, watu wakaendelea na kichaka. Mzee Nkuruna alikuja kuiona, akasalimia mlango kwa Kimaasai, "Sopa," kama kuna mkubwa ndani.

Halafu kuna daftari. Kila ukipiga dawa unaandika tarehe, dawa gani, nani alipiga, na utavuna lini. Sisi tukaona hii kuandika kidogo kidogo ni kupoteza wakati. Jumapili moja mwanzo wa mwezi wa tisa, baada ya kanisa, tukakaa kwa Wathome, tukampea Elsie biro kwa sababu ako na mwandiko ya mwalimu. Sisi tunasoma, yeye anaandika. Tukapiga dawa kwa karatasi kila wiki mbili, sawasawa, mpaka mwisho wa mwaka. Na mimi, hii najuta, nikasema, "Krismasi msipige, watu watakuwa wameenda nyumbani." Elsie akaandika: 25 Desemba, hakuna kazi, Krismasi. Tukapiga makofi, tukakunywa chai.

Mkaguzi akaja tarehe ishirini na mbili, mwezi huo huo wa tisa. Kijana mpole anaitwa Peterson, na shati nyeupe mpaka niliogopa kumpea mkono. Stoo ikapita. Choo ikapita, alishangaa tu mbona haina hata alama ya kiatu. Kisha akafungua daftari. Akasoma. Akafunua mbele. Akarudi nyuma.

"Mwenyekiti, leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili," Wathome akasema.

"Mwezi?"

"Wa tisa."

"Na hii dawa ya Novemba mlipiga lini?"

Badala anyamaze, Wathome akajibu, "Hiyo bado, lakini tutapiga tu. Sisi tuko na mipango."

"Na wadudu mmewaandikia waje hiyo tarehe?"

Peterson alicheka mpaka akatoa miwani. Alipoirudisha hakuwa anacheka. Akasema atarudi Alhamisi tarehe ishirini Oktoba, na akipata uwongo hata mstari mmoja, kikundi imekwisha. Akatuachia daftari mpya, tupu.

Dada, nilikasirika mpaka chai ikanishinda. Si kwa Peterson, yeye ni kazi tu. Lakini nani alituambia hiyo daftari ni ya nini? Tuliletewa kama ile homuwaki, mwalimu anataka kurasa zijae. Hakuna mtu alisema, andikeni ukweli, tunataka kujua nani anakula nini. Na hata ingekuwa hivyo, ukweli unalipwa na nani?

Sikia sasa. Ijumaa tarehe saba wale wadudu wakaingia kwa maua. Jumamosi tukapiga dawa ya bei ya mbuzi, watu tisa kwa ovaroli moja, tunapokezana. Safari hii niliandika mimi mwenyewe, mwandiko kama ya mtu amekaa kwa pikipiki. Siku saba zikaanza.

Jumatatu asubuhi broka huyo, yule ananunulia soko la hapa, na pikap yake.

"Ekspoti, nipee hiyo mishiri kabla inenepe."

"Bado siku tano."

"Siku tano za nini? Hii haiendi kwa Wazungu. Ni ya watu wa hapa. Nani atauliza?"

"Mimi ndio watu wa hapa," nikamwambia. "Bibi yangu ananunua hapo soko."

Hapo ndio iliniingia, Immaculate. Ile sukuma Elsie alileta wiki moja ikiwa na madoadoa nyeupe, akaiosha mara tatu tukakula tu. Kuna mtu analipwa kuangalia sahani yako huko Coventry, anatoka Nairobi na shati nyeupe kuja kuangalia mpaka choo yangu. Sahani ya Brayo inaangaliwa na nani? Dawa ni ile ile, tumbo ni ile ile.

Lakini Wathome alikuwa amesikia pikap. "Wewe Mluhya," akanichekelea, "ingekuwa ni kuku ungengoja siku saba?" Akavuna robo eka yake yote siku hiyo hiyo, siku ya pili ya dawa, akapakia. Simlaumu sana. Msichana wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya fees, ameketi hapo kwa mlango na yunifomu. Lakini tulikubaliana sote tungoje.

Sasa daftari iko na mimi. Nikiandika Wathome alivuna siku ya pili, Alhamisi familia tisa ziko nje, na ni mimi nimezitoa. Nikiacha, ni uwongo tena, na hii si ya ujinga kama ya Krismasi. Ni ya kujua. Wiki nzima nimekuwa nikipitana na mtu alinisimamia harusi kama tunapitana na nguzo ya stima.

Jana jioni akanikuta kwa mlango ya stoo.

"Umeandika?"

"Nimeacha mstari wazi."

"Si ungeandika tu, Wanyama."

"Kwani ni mimi nilivuna?"

Nikampea biro. Akaishika kama ni moto. Halafu akainama akaandika: J. Wathome, 10 Oktoba, nilivuna siku ya pili, niliuza kwa broka. Akaweka sahihi, ile ndefu ya mwenyekiti.

"Watatufukuza?" akaniuliza.

"Pengine."

"Na Krismasi tutaandika nini?"

Tulicheka, lakini si ile cheko ya kushiba.

Usitume pesa, dada, hii si barua ya kuomba. Fanya tu kitu moja. Siku ukipita kwa hiyo duka, uulize kama Wazungu wanaweza kula mishiri nene kidogo. Mwambie mwenye duka kuna watu tisa Kitengela wanangoja jibu.

Nisalimie shemeji Opiyo, mwambie ugomvi ya mpira bado namwekea. Mjomba Lazarus wa Embulbul anakusalimia, na Elsie, na Brayo ambaye anataka picha ya theluji. Mungu akufunike na blanketi kushinda hiyo baridi, na mikono yako isichoke kubeba wazee wa watu.

Ni mimi ndugu yako, anayekupenda hata akiwa na hasira,

Wanyama (Ekspoti)

Nilisahau. Siku saba ziliisha jana. Mishiri yangu imenenepa kama vidole vya mjomba Lazarus, kampuni haiwezi kuigusa. Leo baada ya kanisa Elsie ameikaanga na nyanya. Unajua miaka mitatu tunalima hiyo kitu na hatukuwa tumeionja hata siku moja? Ni tamu, dada. Brayo ameongezwa mara mbili. Nimeandika pia kwa daftari, Peterson ataisoma Alhamisi: 16 Oktoba, tumevuna siku ya nane, tumekula wenyewe.