Mwenye Jina Lako Anasoma Chuo Kabla ya Kumaliza Shule

Mama Neema,

Nimeegesha gari kwenye kile kipande kimoja cha kivuli kilichoko hapa nje ya chuo. Mwenye jina lako ameingia ndani na begi lake bila kuniaga, na ndani ya begi kuna fomu. Hiyo fomu ndiyo imenifanya nishike kalamu. Akiipeleka ofisini, jina lake linafutwa katika somo la chuo, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kufuta. Akienda darasani, anaendelea. Ofisi na darasa viko kwenye jengo moja, mlango wa kuingilia ni mmoja, na mimi hapa nilipo siwezi kuona amepinda upande gani. Kwa hiyo nakaa, naandika kwenye kurasa za nyuma za kitabu cha sevisi ya gari.

Usishangae mwandiko. Ni wangu. Ulinifundisha kwa chaki kwenye mlango wa zizi, nikajua kuandika kwa wiki mbili. Najua utasema ilikuwa miaka miwili. Lakini wewe umelala na mimi ndiye ninayesimulia, basi ni wiki mbili.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana ulipotuacha mjukuu wako Wakesho alikuwa bado mtoto wa kupoteza viatu. Sasa ana miaka kumi na sita na amempita mama yake kwa urefu. Neema bado ni nesi, wanakaa Al Rayyan, vyumba viwili, na mimi niko mtaa wa pili, kwenye chumba cha dereva nyuma ya nyumba ya tajiri wangu. Bado naendesha. Miaka ishirini na sita katika mji huu wa Doha sijakwaruza gari la mtu. Ule mlango wa gari jeupe hauingii hapo, ukuta ndio ulijengwa vibaya. Tajiri akilala mchana ananiachia gari nimlete mtoto chuoni, Jumatatu na Jumatano, kwa sababu anajua nitalirudisha likiwa safi kuliko nilivyolichukua.

Bado namwita mke wangu, kwa ajili ya jina. Na yeye hunijibu, "Babu, na mahari yangu iko wapi?" Tunacheka kila siku kama ndiyo mara ya kwanza. Karibu wiki mbili sasa hajanijibu.

Ilikuwa hivi. Mwaka huu shule yao ilichagua wanafunzi wachache, wakaambiwa wanaweza kusoma somo moja la chuo wakiwa bado sekondari. Shule ikitoka, anakuja hapa kukaa na watu wenye ndevu. Akifaulu, lile somo linaandikwa kwa jina lake na linamngojea. Siku atakayoingia chuo kwa haki yake hataambiwa alirudie, wataona alishalimaliza. Wanaziita krediti. Mimi nilisema huo ni utapeli, nimeona mengi Doha. Neema akanipa barua ya shule nisome. Nikaisoma yote. Sawa, nilisoma juu na chini, ya katikati nikamwachia yeye.

Kisha nikanyamaza. Wewe unajua mimi sinyamazi bure.

Nilikuwa nimekukumbuka siku ile uliyorudi kutoka kwa wakubwa wa elimu na viatu mkononi. Ulikuwa umefundisha watoto wa chekechea miaka kumi na mmoja pale kanisani kwetu kijijini, juu vilimani kwenye ukungu, bila cheti. Nusu ya kijiji walijua kushika penseli kwa sababu yako. Ukaenda na barua ya mchungaji kuomba wakuandike kazi, na yule mtu akakwambia miaka hiyo haihesabiki, mama, nenda ukasome uanze mwanzo. Hukulia. Ulinawa chaki kwenye vidole, ukaosha na sufuria ambayo ilikuwa safi. Mimi nilipiga kelele mpaka jirani akaja, ningeenda kumtoa yule mtu kwenye kiti chake. Wewe ukasema, "Baba Neema, kaa chini." Nikakaa.

Basi kusikia kwamba kuna mahali ambapo mtoto anafanya kazi kabla ya wakati wake na kazi ile inaandikwa, haipotei, inamngojea... Niliona kama ni wewe umeandikwa. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo.

Sasa kosa langu. Ijumaa ile, maana huku ibada ni Ijumaa, tulikwenda Mesaimeer kanisani kama kawaida. Wakati wa ushuhuda nikasimama, na koti langu la harusi, maana mle ndani viyoyozi ni baridi kama kwetu. Nilikusudia kusema maneno mawili ya shukrani. Badala yake nikasema mjukuu wangu amemaliza sekondari kabla ya wenzake wote, chuo kikuu kimemchukua mzima mzima, na maprofesa wanamwogopa. Watu wakapiga makofi. Nikaongeza kwamba akili hiyo haikutoka mbali.

Unakumbuka ulivyokuwa unafanya kule nyumbani. Nikisimama kanisani na maneno yakaanza kunoga, ulikuwa unavuta pindo la koti, mara moja tu, polepole, macho yako mbele kwa mchungaji. Watu walidhani ninakaa kwa unyenyekevu. Siku ile niliongea, nikaongea, na nikiwa katikati nikahisi kuna kitu kinapungua. Hakuna aliyenivuta koti. Nikaendelea.

Ibada ilipoisha walileta keki. Akina mama wakamwita wakili, maana kwao kila asomaye chuo ni wakili. Mzee Barasa, yule mkubwa wa walinzi kwenye jengo moja la West Bay, ambaye hapendi mtu mwingine asifiwe, akaniuliza mbele ya watu, "Mzee Mwadime, mbona jana nilimwona wakili wako na sare ya shule? Amemaliza, au amemalizia njiani?" Vijana wakacheka. Wakesho alikuwa ameshika sahani ya keki, akaiweka kwenye kiti, akaenda kusimama kwenye gari.

Njiani akasema, "Babu, umenichoma. Kila mtu ataniuliza chuo kikoje. Mimi ni somo moja tu. Ni hesabu tu." Nikamwambia hesabu si kitu kidogo. Akasema, "Sema ukweli Ijumaa ijayo." Nikamwambia mimi sijawahi kurudisha neno langu tangu nizaliwe, na hiyo ni kweli, unaijua. Tangu hapo akahamia kiti cha nyuma. Siku zote alikuwa anakaa mbele na mimi, anabadilisha redio. Sasa anakaa nyuma kama tajiri, na mimi naonekana dereva wa kweli.

Jumatatu iliyofuata wakarudishiwa jaribio la kwanza. Ameanguka. Si kidogo. Aliniambia akiwa huko nyuma, nikamwona kwenye kioo anajifuta kwa mkono wa sare. Akaniambia jambo ambalo katika ile barua lazima lilikuwa katikati, pale ambapo sikusoma. Alama nzuri inaandikwa na inamngojea, na alama mbaya nayo inaandikwa na inamngojea vile vile. Akiwa mtu mzima, anaomba kazi, itakuwa bado ipo. Akasema, "Ningekuwa naanguka peke yangu, Babu, ningeweza kuinuka. Lakini naanguka na kanisa zima linapiga makofi."

Akachukua fomu ya kujitoa. Neema akaitia sahihi, akasema amechoka, wawili wenye kichwa kigumu kimoja hawezi kuwaamua.

Jumatano yake nilimleta kama kawaida, nikaegesha hapa hapa. Mchana wa huku ukitazama sana unayeyuka. Yale majengo ya West Bay kwa mbali yanakosa miguu, yanaelea, na ukiacha injini ikinguruma kwa ajili ya ubaridi macho yanajifunga yenyewe. Sijui kama nililala. Niliona ukungu wa kwetu unatoka kwenye matundu ya kiyoyozi, taratibu, ukajaa kwenye viti, ukafunika usukani. Ulikuwa na ile harufu ya majani ya asubuhi na moshi wa kuni mbichi. Nikatazama kioo, na wewe umekaa nyuma, pale pale anapokaa yeye. Umevaa ile sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko. Magotini una vibao vya watoto, unasahihisha kimoja kimoja, na vidole vyeupe kwa chaki. Nje nikaona vilima badala ya majengo, au majengo yamekuwa vilima, moja kati ya hayo.

Nilikwambia, mama Neema, nimefika. Kwa sababu ulipokufa sikufika. Nilifika sanduku limeshafungwa, unajua. Ulipuliza vumbi la chaki kwenye kibao, ukachukua kingine. Nikaanza kujieleza, nikakueleza mambo ya keki, na Barasa, na jinsi watu walivyopiga makofi. Nikangoja univute koti. Ulikuwa nyuma, koti liko mbele na mimi, mkono wako haukufika.

Mlinzi akagonga kioo, akasema nimesimama vibaya. Sikuwa nimesimama vibaya. Lakini nilisogeza gari bila ubishi, na mwenyewe nikajishangaa.

Ijumaa iliyopita nikasimama tena pale Mesaimeer. Nilishika kiti cha mbele yangu, naomba usimwambie mtu huko. Nikasema: ndugu zangu, mjukuu wangu hajamaliza sekondari. Bado anavaa sare. Anasoma somo moja la chuo, la hesabu, na jaribio la kwanza limemshinda. Yale mengine niliyaongeza mimi. Nikasikia viyoyozi. Mzee Barasa akasema kwa nyuma, si kwa sauti kubwa, "Leo mzee amesema." Hakucheka.

Hapo ndipo ningekaa. Lakini unanijua. Nikaona nyuso zimekuwa laini, maneno yakaanza kunoga, nikasema hata hivyo, ndugu zangu, katika Wataita wote waliowahi kuvuka maji kuja Doha hakuna...

Nikahisi pindo la koti limevutwa. Mara moja. Polepole.

Mama Neema, nilishindwa kugeuka. Nilidhani nikigeuka sitakuta mtu. Nikakaa chini na sentensi ikabaki hewani. Baadaye ndipo nikatazama pembeni kwa jicho moja. Wakesho alikuwa ametazama mbele kwa mchungaji, kama yeye hakufanya kitu. Hakuna aliyemfundisha. Mimi sijawahi kumsimulia mtu habari ya koti, ningemsimulia nani? Aibu ile ilikuwa yetu wawili.

Lakini kurudi nyumbani akapanda nyuma. Jumatatu akapanda nyuma. Leo amepanda nyuma, fomu nimeiona ikichungulia kwenye begi, na nilitaka kumwambia asiipeleke, nilikuwa na hotuba nzima tayari. Sikuitoa. Nilimwambia tu, "Nitakuwa hapa kwenye kivuli." Akafunga mlango.

Ningejua kuomba vizuri ningeomba. Najua hesabu si yangu, na jina litakaloandikwa ni lake, si langu wala lako, ingawa mnalishiriki. Nikikaa hapa nafikiri labda nilitaka alipwe yeye miaka yako, na hilo ni zigo kubwa kumbebesha mtoto kwenye begi la shule. Akijitoa, nitamwendesha nyumbani na sitasema kitu. Shauri hilo nimelikata leo. Unaweza kuniona nikikata shauri la kunyamaza? Umekufa mapema, ungeona mengi.

Kivuli kimesogea. Kurasa za hiki kitabu zimekwisha, naandika pembeni.

Wanatoka. Wenye ndevu wametoka kwanza. Yeye simwoni.

Namwona. Anatembea polepole, begi limening'inia bega moja, kama ulivyokuwa unabeba kikapu.

Mama Neema, amefungua mlango wa mbele. Ameingia, amewasha redio, amenipa karatasi bila kunitazama, akasema, "Babu, shika, daftari liliisha." Ni ile fomu. Upande mmoja kuna sahihi ya Neema. Upande wa pili umejaa hesabu zake kutoka juu mpaka chini, nyingine amezikata, nyingine amezizungushia duara. Sielewi hata mstari mmoja. Nimezisoma zote.

Nimemwuliza, "Mke wangu, umezipata?" Amesema, "Mbili sijazipata. Na mahari yangu iko wapi?"

Kuna kona ndogo iliyobaki wazi kwenye fomu na amenikubalia nimalizie barua hapo, anangoja nimalize ndipo niondoe gari. Jaribio la pili ni wiki ijayo. Anaweza kuanguka tena, na nikiulizwa kanisani nitasema ameanguka. Akifaulu nitasema amefaulu, somo moja, la hesabu. Nitajitahidi kukomea hapo. Nikipitiliza, yuko wa kunivuta, na nakuahidi nitakaa chini kama nilivyokuwa nakaa kwako.

Pumzika na chaki yako. Ukija tena kwenye gari, kaa nyuma, pako wazi.

Mimi baba Neema, nimeandika kwa mkono wangu.