Saa Ishirini na Nne Bila Kosa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeisukuma tena prosesa ya kompyuta, iende kasi zaidi. Kiwandani ilitoka na gigahezi tatu nukta sita, sasa iko nne nukta tano. Imefaulu jaribio la dakika kumi. Joto nyuzi sabini na nane. Nimekula mkate, sikumbuki saa ngapi.

Kazi yenyewe: kusafisha rekodi ya marehemu Mama ya hospitalini. Alimwambia Dada aache simu irekodi kando ya mto wake wa kulalia, ana ya kusema. Tumebaki na saa tano za mashine ya oksijeni ikinguruma, na Mama kwa mbali, hasikiki. Kompyuta hii ni ya zamani, bila kuiongezea kasi itachukua saa saba nzima.

Baba amechungulia, kauliza kama iko tayari. Nimesema kesho.

Jumanne, 4 Machi

Imeganda katikati. Faili limetoka na matobo. Nimesikiliza dakika chache tu. Mama anakohoa, kisha anauliza, kitinda mimba wangu bado hajaja? Halafu tobo. Sekunde kumi na moja za kimya. Baada ya hapo nesi anaongea habari za shuka.

Siku ile nilikuwa hapa, nabadilisha feni ya mashine hii. Dada alipiga simu, nikamwambia niko njiani. Sikuwa njiani.

Nilidhani nitalia. Nimefungua dirisha, nikalifunga.

Jumatano, 5 Machi

Dakika kumi hazitoshi, mjinga mimi. Jaribio la kweli ni saa ishirini na nne. Programu inaifanya mashine ikokotoe namba tasa mfululizo, na jibu moja likikosewa tu, imeshindwa. Nimeongeza volti kidogo, nikawasha alfajiri.

Imeshindwa saa ya sita. Nimeongeza tena. Baba kauliza. Nimesema bado.

Ijumaa, 7 Machi

Imeshindwa saa ya kumi na tisa. Kumi na tisa! Nilikuwa nimeshaanza kujipa moyo.

Dada amepitia hapa akitoka kwenye cherehani zake, uzi bado umemganda begani. Anasema, si uirudishe tu kama ilivyotoka dukani, ichelewe inavyotaka? Nikamwambia itakula saa saba. Akahesabu kwa vidole: tangu Jumatatu ni siku ngapi?

Nikaanza kumweleza habari za volti. Akanikatiza. Usijitie hamnazo, anasema, Baba hali chakula vizuri, anaisubiri sauti hiyo. Kisha akachukua suruali yangu iliyofumuka pindo, akaondoka nayo. Hakuaga.

Sina hasira naye. Sina chochote.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeishusha kasi hadi nne nukta mbili. Nimewasha jaribio saa tatu asubuhi.

Mchana Baba kaingia, kasimama nyuma yangu akitazama namba zinavyopanda. Akauliza mashine inakokotoa nini.

Namba tasa, Baba.

Za nani?

Hazina mwenyewe.

Akaitikia kwa kichwa kama vile nimemjibu la maana. Baadaye, akiwa ameshashika kitasa cha mlango, akasema siku ile alitoka kunawa uso tu. Aliporudi Mama akamwambia ameshasema, na hakurudia. Dada naye alikuwa amekwenda kufuata dawa. Kwa hiyo hakuna aliyesikia. Miaka thelathini na nane ya ndoa, anasema, na mimi nanawa uso.

Nikamwambia joto liko sabini na moja, ni zuri. Akasema vyema.

Jumapili, 9 Machi

Saa tatu asubuhi jaribio limefika mwisho. Saa ishirini na nne, makosa sifuri. Imetulia kabisa, hata feni haipigi kelele. Kazi yote haitazidi saa sita.

Nimepangusa kibodi. Nimeosha kikombe. Nimekiosha tena. Rekodi ya Mama iko pale pale kwenye skrini, ni kubonyeza tu.

Saa nne na nusu nimewasha jaribio jingine. Namba tasa, tangu mwanzo.

Naogopa zile sekunde kumi na moja. Basi, nimeandika.

Baba kagonga. Anauliza zimebaki saa ngapi. Nimemwambia sita, ingawa rekodi sijaigusa. Akasema si kitu, leo hana pa kwenda, atasubiri humu humu na mimi. Namsikia anaburuta kiti kutoka sebuleni, anapumzika, anaburuta tena —